Miaka Niliyoshiba Moshi

Sekela mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizia hali ya anayeandikiwa, lakini hali yako naijua. Sasa hivi uko kanisani na wanakwaya wenzako wanakuaga, na upepo ukigeukia huku nasikia sauti zenu zikija na kupotea kama redio ya jirani. Begi lako liko mlangoni. Mimi nimekaa jikoni, mkaa umebaki mwekundu kidogo, ukungu umeanza kushuka juu ya mabati, na kabla hujarudi nataka niwe nimekuandikia yale ambayo mdomo wangu haujui kuyasema tukitazamana.

Mambo ya nguo na sabuni tumeshayamaliza. Habari za Morogoro, chuo kiko wapi na nani atakupokea, umenisimulia mpaka najiona kama niliyewahi kufika. Hayo sirudii. Nataka kukuambia habari za njaa yangu.

Sehemu ya habari hizi uliiona kwa macho yako. Lakini mtoto huona mambo ya mama yake kama mtu anavyoona barabara ndani ya ukungu: hapa jiwe, pale mti, katikati hakuna kitu. Nataka nikujazie katikati.

Unakumbuka kibanda chetu cha kwanza, kando ya barabara iendayo mpakani? Asubuhi za baridi malori yalikuwa yamejipanga foleni, taa zikiwaka kwenye ukungu, na wewe ulikuwa unasema ni kijiji kilichohamia pale tulipokuwa tumelala. Baba yako alikuwa mmoja wa madereva wa kijiji hicho. Akitoka Zambia, kabla hajafika nyumbani alipita kibandani, akakaa benchi la mwisho, akagonga meza kwa kidole na kusema, "Mama lishe, mteja wako ana njaa." Namuwekea sahani, anaisogeza katikati, tunakula wote. Akiwa safarini nilikula na wewe. Kabla ya hapo, kwetu Hasamba, nilikula na dada zangu tukigombania ukoko. Sikuwahi kujua kula peke yangu kukoje.

Alipofariki ulikuwa bado unajifunza kuunganisha herufi. Tulimzika kwao Isongole, mvua ikinyesha taratibu siku nzima, na ninachokumbuka zaidi ni udongo uliogandia viatu vyako vyeupe. Niliporudi Tunduma nilifungua kibanda, kwa sababu wewe ulitakiwa kula na mimi kazi yangu ni hiyo. Nikapika kama kawaida. Wateja wakasifia kama kawaida. Ila nikikaa na sahani yangu, koo linafunga. Nafinyanga tonge, nalizungusha mkononi, nalirudisha. Nikawa nakaa na wewe mpaka umalize, nakudanganya kwamba nimeshakula kibandani. Kibandani nikawaambia nitakula nyumbani.

Aliyegundua ni mzee mmoja Mzambia, dereva mwenzake baba yako, tuliyekuwa tukimwita Bashi Mulenga. Siku hiyo foleni ilikuwa haisogei, ametulia kwenye benchi.

"Bamayo, hujala leo," akaniambia, akiniita mama kwa lugha yao.

"Nitakula baadaye."

"Na jana ulisema baadaye."

Akawasha sigara, akavuta kidogo, akaninyooshea, kama vile unavyomgawia jirani chumvi. "Hii itakutuliza."

Simlaumu. Alikuwa ananionea huruma, na huruma ile ndiyo aliyokuwa nayo mfukoni. Nilikohoa, kichwa kikazunguka, benchi likawa kama linaelea. Halafu tumbo lililokuwa likilia tangu msibani likanyamaza. Moyo nao ukanyamaza kidogo. Nilisimama pale nikitazama malori yakiyeyuka kwenye ukungu, nikajisikia mwepesi, nikasema moyoni: kumbe mtu anaweza kuishi hivi.

Nikaishi hivyo, Sekela, miaka ile yote ya shule yako ya msingi. Sigara kabla ya kuwasha jiko. Sigara na chai ya rangi wengine wanapokula chapati. Sigara nyuma ya kibanda mchana, nikiwa nimejifunga khanga kichwani ili nywele zisinuke, kana kwamba moshi unasikia amri ya khanga. Watu walishiba kwa mikono yangu na mimi nikashiba moshi. Wanawake wa kanisani waliponiona nimekonda walisema msiba unanimaliza. Nikawaacha waseme, maana mjane anayelia anaonewa huruma, mjane anayevuta sigara anaitwa majina.

Kuna jambo moja ulilipenda ambalo leo nakueleza lilikotoka. Nilikuwa nakuita, "Sekela, njoo uonje chumvi." Ulikuja mbio, unapuliza kijiko, unafumba macho kama jaji, unasema, "Bado kidogo, Mama." Ulidhani nakufundisha upishi. Ulimi wangu ulikuwa umekufa. Mchele wa Kamsamba, ule ambao ukichemka majirani wanageuza shingo, kwangu ulikuwa maji ya moto tu. Wewe ndiye uliyekuwa ulimi wangu, na ukawa mpishi mzuri kwa sababu hiyo.

Siku ya kipaimara chako hatujawahi kuizungumza. Ulikuwa na gauni jeupe nililoshona kwa kujinyima, na ibada ikawa ndefu. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Jasho likanitoka kwenye baridi ile. Nikajiambia natoka mara moja tu. Nilisimama nyuma kule kwenye mikaratusi, majani yake yakinukia, au nadhani yalinukia, na kupitia dirishani nikasikia mchungaji akiita majina. Lako likaitwa. Sigara ilikuwa katikati. Ningeweza kuitupa. Niliivuta mpaka mwisho, mwanangu, na niliporudi ndani ulikuwa umeshakaa kwenye nafasi yako, umegeuka unanitafuta.

Nilijua umejua, kwa jinsi ulivyonikumbatia ukigeuza uso pembeni. Ila jioni uliniwekea sahani mbele yangu, ukakaa karibu, ukasema, "Kula basi, Mama. Hata kidogo." Nikafinyanga tonge. Halikupita. Ulilitazama tonge lile kwenye sahani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba unaniogopea, siyo unaniogopa.

Wiki ile ndipo nilipokwenda kituo cha afya. Sikwenda kwa ajili ya sigara, nilikwenda kwa ajili ya kikohozi. Walinipima kifua kikuu, hawakukiona. Nesi aliyenipa majibu ni yule unayemfahamu, Mama Eliza. Hakunihubiria. Aliniambia tu, "Tuna watu wanakutana hapa, wanaotaka kuacha kuvuta. Wakija tunaongea. Ukijisikia, njoo."

Nilikwenda. Tulikuwa wachache kwenye mabenchi chini ya baraza: utingo wa malori, fundi baiskeli mmoja, mzee wa Kinyamwanga aliyekuwa akisinzia, na mimi, mwanamke peke yangu. Mama Eliza alituuliza swali ambalo sikulitegemea. Nilidhani atatuuliza sigara imetuharibia nini. Akauliza, "Sigara imekufanyia jema gani?"

Fundi akasema inamchangamsha. Utingo akasema inamsaidia kukesha njiani. Ilipofika zamu yangu nikasikia mdomo wangu ukisema, "Inanishibisha." Wakacheka kidogo. Mama Eliza hakucheka, ila siku hiyo hakulifuata.

Nikaacha. Nilikuwa mkali siku zile, unazikumbuka. Nilikugombeza kwa sababu ya mfuniko wa sufuria. Wateja wakawa wanakula haraka na kuondoka. Nilikuwa nakwenda kwa Mama Eliza tunaongea vizuri kabisa, ananifundisha hamu ikija nifanye nini, nipumue vipi, nitoke nitembee, nisubiri ipite kama lori linavyopita. Nilielewa kila kitu. Nikifika nyumbani naelewa bado. Halafu mchana macho yanaona nyota, mwili mzima unapiga kelele kwamba unataka kitu, na mimi kitu nilichokijua ni kimoja. Nikarudia. Nikaacha tena, nikarudia tena. Nikaamini mimi ni mtu dhaifu tu, wengine Mungu amewapa kifua na mimi hakunipa.

Siku moja nimesimama kuaga, baraza likageuka. Nilishika nguzo. Mama Eliza akaniketisha, akanishika mkono, akautazama ule mkono kama ambaye hajawahi kuuona. Akasema taratibu, "Samahani, mama Sekela. Kumbe muda wote huu nimekuwa nikizungumza na mtu mwenye njaa."

Akamwita kijana mmoja chumba cha pili, afisa lishe wao, mwembamba na mpole. Baadaye tulimpa jina la Bwana Lishe. Akavuta kiti.

"Mama, jana ulikula nini?"

Nikamjibu bila kufikiri. "Jana kulikuwa na wali, maharage, mboga ya maboga, na samaki wa Rukwa kwa wanaotaka."

"Hicho ndicho ulichopika. Nauliza ulikula nini."

Sekela, nilitafuta. Nilirudi nyuma kichwani kwangu jana, juzi, wiki iliyopita, kama mtu anayefungua masufuria moja moja na yote yamekauka. Nikaanza kulia mbele ya kijana yule. Akaniacha nilie. Kisha akanieleza kwa maneno ya kawaida kwamba moshi ule ulikuwa unaufunga mdomo wa njaa, na nikiuondoa, njaa ya miaka yote inasimama mlangoni pamoja na hamu ya sigara, zimevaa nguo zinazofanana, na mimi nadhani ni mgeni mmoja. "Tukimlisha mmoja," akasema, "mwingine tutamuona vizuri zaidi."

Hawakunipa dawa ya ajabu. Uji wa ulezi na karanga asubuhi kabla ya kazi. Kidogo kidogo mchana kutwa, nisingoje nizidiwe: ndizi, parachichi, maharage, yai likipatikana. Maji mengi. Chai ya rangi nipunguze, kwa sababu mimi na chai na sigara tulikuwa tumeshafunga ndoa ya watatu.

Lakini chakula peke yake nacho kilikataa. Uji nilikunywa, ila sahani ikinikalia mbele, koo ni lile lile. Nikarudi kwa Mama Eliza, na sasa ndipo akalifuata lile neno langu la siku ya kwanza. Akaniuliza sahani ya mwisho niliyoifurahia ilikuwa ipi. Nikamwambia habari za benchi la mwisho. Nikamwambia kidole kikigonga meza. Nilikuwa sijamtaja baba yako kwa sauti tangu Isongole, na hata wewe ulipomtaja nilikuwa nahamia kwenye kuosha vyombo. Nisamehe kwa hilo kuliko kwa sigara. Uliomboleza peke yako ndani ya nyumba yenye watu wawili.

"Basi hukukosa njaa," Mama Eliza akasema. "Ulikosa mtu wa kula naye."

Miezi ile ninaikumbuka kama niliyoiota, na kweli niliota sana. Wanasema ndivyo inavyokuwa moshi ukiutoka mwili. Niliota navuta, naamka na hatia, nanusa vidole. Mama Eliza akacheka, "Ndoto haihesabiki, mama." Niliota kahawa ya Hasamba imechanua yote kwa mkupuo, maua meupe tupu bondeni, na ua moja moja likidondoka ndani ya sufuria yangu. Na nikaota foleni ya malori ukunguni, baba yako yuko ndani ya lori lake, kiwiko dirishani. Nimeshika sahani inayofuka moshi wake mzuri, nakimbia niifikishe. Foleni ikaanza kusogea. Hakuwa na haraka wala huzuni, alikuwa anakwenda tu. Nikabaki barabarani na sahani, na kwa kuwa ilikuwa ya moto na nilikuwa na njaa, nikakaa chini nikaila.

Asubuhi yake nilikuita tule pamoja. Labda kwako ilikuwa asubuhi ya kawaida. Ulipakua wali uliolala na maharage, ukanisimulia habari za mwalimu wenu wa hesabu anayepiga chafya kama bunduki, nikacheka, na katikati ya kucheka tonge likapita. Likapita na lingine. Ukaendelea na hadithi. Nadhani ulikuwa unajifanya huoni, maana ulinisogezea sahani ukiwa unatazama pembeni.

Kuanzia hapo mambo hayakunyooka, ila yalikwenda. Nikienda kwa Mama Eliza nimekula, maneno yake yalipata pa kukaa. Na nikitoka kwake nimesema ya moyoni, chakula kilipata pa kupita. Nilinenepa, nguo zikabana, majirani wakasema nimepata mume. Harufu zikarudi moja moja, na siyo zote zilikuwa nzuri: nilisikia mtaro wetu, nikasikia dizeli. Halafu siku moja mchele ulichemka nikasimama na mwiko mkononi, machozi yakinitoka, na mteja akauliza kama ni vitunguu.

Sasa nakuambia ya mwezi uliopita, ambayo ulinusa ukanyamaza. Siku ile lilipotoka jina lako kwenye orodha ya chuo, nilishangilia kuliko wote. Kesho yake nikashinda mjini nikitafuta godoro na ndoo, sikula. Jioni nikajikuta nyuma ya kibanda na sigara ya kuomba kwa dereva, mikono ikiijua kama haijawahi kuiacha. Nilivuta. Halafu niliona aibu kiasi kwamba nilitaka kuvuta nyingine ya kufukuzia aibu, na hapo nikaogopa sana, nikaenda kwa Mama Eliza nikiwa bado nanuka.

Nilitegemea aninyamazie. Akauliza, "Leo umekula?" Nikatikisa kichwa. Akafungua chupa yake, akanimiminia uji kikombe kizima, akasema tutaongea nikimaliza. Nikanywa. Tukaongea. Nilimwambia kitu ambacho sikuwahi kukiwaza kwa maneno: kwamba naogopa siku utakapoondoka, nikae mbele ya sahani yangu, na kile kiti cha pili kiwe kitupu tena.

Sikuandikii hivi ili ubaki. Ningekuwa nataka ubaki nisingeuza mbuzi wetu ili upate nauli na ada. Nakuandikia kwa sababu huko uendako utakutana na huzuni zako, ambazo siwezi kuzijua, na kutakuwa na mtu mwema atakayekunyooshea kitu cha kukutuliza. Labda si sigara. Labda ni kazi, labda ni mwanamume, labda ni kulala mchana kutwa. Mimi sikujua kutofautisha kilichonishibisha na kilichoninyamazisha. Ukipotea kama mimi, usisubiri upate nguvu ndipo uombe msaada. Mimi nilisubiri nguvu, kumbe nguvu ilikuwa kwenye kikombe cha mtu mwingine.

Na leo asubuhi, tulipokuwa tunalazimisha zipu ya begi, uliniuliza bila kunitazama, "Mama, utakuwa sawa?" Nikajibu haraka, "Nitakuwa sawa," nikakalia begi ili zipu ifunge. Lile halikuwa jibu. Jibu ni hili: sijui, mwanangu. Nina hofu.

Ila nimefanya jambo moja. Wale wa barazani kwa Mama Eliza, pamoja na wapya waliojiunga, kila Jumamosi watakuwa wanakutana kibandani kwangu badala ya kituoni. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba. Kwanza tutakula, halafu tutaongea. Bwana Lishe amesema atakuja kuangalia ninachopika, nikamwambia aje na njaa. Kuna binti mdogo kati ya wapya, anauza vitenge ng'ambo ya mpaka, Nakonde, anavuta kwa kujificha, mwembamba kama nilivyokuwa. Juzi nilimuuliza jana yake alikula nini. Akaanza kunitajia watoto wake walikula nini. Nikamwekea sahani nikakaa naye, na sikuondoka mpaka alipoila yote.

Kwaya imenyamaza. Nasikia kicheko chako njiani, unakuja na wenzako, na kwa sauti ya viatu ni wengi kuliko nilivyokadiria. Ngoja niongeze maji kwenye sufuria.

Mama yako